Majina Matatu ya Kisima cha Munje

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 10 Novemba 1998, kioo kidogo cha chombo cha kisima kilionyesha volti 2.74. Nzisa aliondoa kidole kwenye kitufe, akaandika namba hiyo katika daftari, na pembeni yake akaandika saa.

"Usikibonyeze tena hadi nikwambie," alisema. "Kila kikiwasha kioo kinakula betri."

"Sikukigusa, dada. Nakiangalia tu," alijibu Chengo, fundi wa mradi wa maji, ambaye ndiye aliyekitoa chombo hicho kisimani Munje jana yake alasiri. "Nikikiangalia sana je, nayo inakula?"

Nzisa hakucheka. Chombo kilikuwa kipande cha bomba la chuma, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Tangu tarehe mosi Septemba ya mwaka uliopita kilikuwa kimening'inia ndani ya kisima, na kila saa kilipima kina cha maji na wingi wa chumvi, kikahifadhi vipimo hivyo tumboni mwake. Betri yake watengenezaji walikuwa wameizamisha ndani ya gundi ngumu ili maji yasiingie, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuibadilisha wala kuisaidia kutoka nje. Kijitabu chake kilisema jambo moja kwa herufi nzito: volti ikishuka chini ya 2.50, kumbukumbu yote hufutika.

Ndani mlikuwa na vipimo elfu kumi na mia nne thelathini na tatu. Nzisa alivihitaji vyote, lakini vya wiki moja alivihitaji zaidi ya vingine.

Wiki hiyo ilianza Jumatatu tarehe 19 Oktoba asubuhi na kwisha Ijumaa tarehe 23 saa kumi na mbili jioni. Ndizo siku tano ambazo kampuni iliyotaka kuchimba visima vitatu vya hoteli mpya ilipiga pampu yake ya majaribio, mita mia nane kutoka kisima cha kijiji. Wanawake wa Munje walisema kwamba siku hizo maji yaligeuka, na kwamba maziwa yalikatika ndani ya chai. Kampuni ilisema hakuna kilichobadilika. Kesho, saa nne asubuhi, kikao cha maji kingekaa Kwale kuamua kama visima hivyo vitachimbwa, na barua ya mwenyekiti ilikuwa wazi: kila upande ulete vipimo, si maneno. Vipimo vya kampuni vilikuwa tayari vimepigwa chapa. Vya Munje vilikuwa ndani ya bomba.

Siku yoyote nyingine kazi hii ingemchukua Nzisa nusu saa. Kompyuta ya zamani ya ofisi, yenye mfumo wa DOS, ilikuwa na programu ya kusomea chombo, naye aliitumia mara mbili kwa majaribio. Lakini Jumamosi radi ilipiga Msambweni, ikaunguza kompyuta hiyo pamoja na simu ya mezani. Iliyobaki ni mashine ya pili, iliyoachwa na mtafiti mgeni aliyekwenda zake Julai. Hiyo ilitumia mfumo mwingine, Linux, na hakuna aliyewahi kuitumia pale ofisini zaidi ya kuifuta vumbi. Programu ya DOS haikuweza kuendeshwa humo. Kilichowezekana ni kuchukua maandishi yake ya asili na kuijenga upya, kwa zana ambazo Nzisa alikuwa amezisoma vitabuni tu.

Maandishi hayo yalikuwa katika disketi mbili. Ya kwanza ilikuwa na programu yenyewe. Ya pili ilikuwa na maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vidogo vya kazi ambavyo programu huviita kwa majina: kimoja hufungua njia ya waya unaounga chombo na kompyuta, kingine husoma tarehe, na kadhalika. Vyote viliandikwa na Mwero, mhandisi wa kwanza wa mradi, ambaye sasa alikuwa Muscat. Juu ya disketi ya maktaba alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Nzisa alikuwa ameitii hadi siku hiyo.

Saa tatu na dakika arobaini alimaliza kuandika upya sehemu inayozungumza na waya, kwani mashine hii haikuufikia waya kwa njia ya DOS. Kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, ilipitisha kila faili bila neno. Kisha linka, ile inayounganisha vipande vyote kuwa programu moja, ikakataa.

Kioo cha kompyuta kilijaa mistari. Chengo aliinama juu ya bega lake.

"Inatukana?"

"Inasema kuna majina tisa yameitwa na hayana mwenyewe."

"Si uliyapitisha sasa hivi?"

"Kompaila ndiyo iliyapitisha. Ile huamini ukiiambia kwamba kitu kipo mahali fulani. Linka hutaka kukiona."

Aliyahesabu tena. Tisa. Ndiyo idadi ya vipande vyote vya maktaba, hakubaki hata kimoja. Kwake hilo lilikuwa jambo la kutia moyo kidogo. Majina tisa yakipotea kwa pamoja, kosa huwa ni moja. Aliandika hivyo katika daftari, kisha akaanza kulitafuta.

Alithibitisha kwamba faili la maktaba lipo. Lilikuwepo. Alithibitisha kwamba si tupu. Kilobaiti kumi na nne. Aliijenga maktaba upya, akaita linka, na majina tisa yakarudi yale yale kwa mpangilio ule ule. Saa nne na robo alimruhusu Chengo kubonyeza kitufe.

"Mbili nukta sita nane."

"Joto," alisema Nzisa. "Kihamishie kwenye mtungi."

Chengo alikifunga chombo kwa mfuko wa plastiki, akakisimamisha ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Nzisa alifungua kurasa za maelezo zilizokuwa ndani ya mashine yenyewe na kuzisoma kuanzia mstari wa kwanza, bila kuruka. Chengo alikaa juu ya kiti kisichokuwa na mgongo, akatazama saa ya ukutani, akamtazama Nzisa, akarudi kwenye saa.

"Dada, wasoma kama msahafu. Huwezi kwenda penye jibu moja kwa moja?"

"Ningejua penye jibu nisingesoma."

"Haya. Nyinyi Wakamba mkishika jambo, hata mvua husubiri."

"Na nyinyi Wagiriama mkikosa la kufanya mwahesabu Wakamba. Niache."

Saa nne na dakika thelathini na tano aliupata mstari. Linka hii ilipitia orodha mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikutana na maktaba, ilichukua vipande vilivyokwisha kuombwa hadi hapo, ikaifunga na kuendelea. Nzisa alikuwa ameiweka maktaba mwanzo wa orodha, kama alivyozoea kwenye DOS, ambako mpangilio haukumdhuru. Hapa linka ilifungua maktaba kabla ya yeyote kuomba kitu, ikaona haidaiwi, ikaifunga. Programu ilipokuja kuomba, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Aliihamisha maktaba mwisho wa orodha, akabonyeza.

Majina sita yalitoweka. Matatu yalibaki.

"Afadhali," alisema Chengo.

Nzisa alivuta daftari. Kwa tisa alikuwa na maelezo. Kwa matatu hakuwa nayo. Maktaba ni ile ile, mahali ni pale pale, mwandishi ni yule yule. Sita yameonekana na matatu hayakuonekana. Aliyanakili katika daftari kwa mwandiko wake ulionyooka: pima_maji, pima_chumvi, chagua_kisima. Bila hayo matatu, programu ingeweza kufungua njia ya waya na kusoma tarehe, lakini isingeleta kipimo hata kimoja.

Saa tano alishuku mpangilio tena, akaiandika maktaba mara mbili katika orodha. Matatu. Saa tano na nusu alishuku kwamba zana hizi huongeza alama fulani mbele ya majina, akalijaribu hilo kwa njia mbili. Matatu. Saa sita alifuta kila kilichojengwa na kuanza upya kutoka disketi. Kompaila ilipitisha, linka ikakataa, matatu. Katika daftari kila jaribio lilikuwa na mstari wake, na mwisho wa kila mstari neno moja: hapana.

"Mbili nukta sita mbili," alisema Chengo saa sita na nusu. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Dada, ikifika mbili nukta tano tano tufanye nini?"

"Kusoma kutachukua dakika saba na robo. Waya ukiwa kazini, betri inashuka haraka. Tukianza kwenye mbili nukta tano tano hatumalizi."

"Kwa hiyo ni kama saa moja hivi."

"Ni kama saa moja."

Mikono ya Nzisa ilikuwa imetulia juu ya meza, lakini Chengo aliona kwamba chai aliyomletea saa nne ilikuwa bado imejaa hadi ukingoni, na utando umeganda juu yake.

Saa saba kasoro dakika tano sauti ya mwanamke ilisikika nje.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama," aliitikia Chengo.

Aliyeingia ni Bi Nimujuma, mwenyekiti wa kamati ya kisima cha Munje, mama wa miaka sitini hivi, leso mbili, na bakuli la mihogo ya nazi lililofunikwa kwa sahani. Ndiye ambaye kesho angesimama mbele ya kikao kwa niaba ya kijiji.

"Shikamoo, mama," alisema Nzisa, akiinuka nusu.

"Marahaba, mwanangu. Mmeshindaje na kazi?"

"Twaendelea."

"Alhamdulillahi. Karatasi zangu tayari?"

Chengo alitazama sakafu. Nzisa hakuwa na desturi ya kufunika jambo.

"Bado, mama. Na huenda zisipatikane. Chombo kinakaribia kuzima, na programu ya kukisoma haijakubali kuungana."

Bi Nimujuma aliliweka bakuli mezani polepole.

"Zisipatikane," alirudia. "Basi kesho niseme nini? Niwaambie chai ilikatika? Watanicheka. Watasema ulimi wa mwanamke si karatasi." Aliketi. "Mwaka huu nimewazuia watu mara mbili wasiende kuziba njia ya lile gari lao la pampu. Niliwaambia ngojeni, lile bomba la Mwero linaandika, Mwero ni mwenzetu, litatusemea. Nikirudi mikono mitupu sitawazuia tena. Wala hawatanisikiza."

Nzisa aligeukia kioo. "Nisomee tena," alimwambia Chengo, "herufi kwa herufi. Huenda nimeandika vibaya mahali."

Chengo alishika daftari, akasoma kwa sauti: "Pima maji. Pima chumvi. Chagua kisima."

"Mwaita nani?" aliuliza Bi Nimujuma.

"Vipande vya kazi alivyoviandika Mwero, mama," alisema Chengo. "Vinaitwa kwa majina. Hivi vitatu haviitiki."

"Mwero huyu mwana wa Garama?"

"Ndiye huyo."

Mama alitoa sauti ya kicheko kifupi puani. "Na mwamwita kwa Kiswahili? Huyo alipokuja na Mzungu kulitia hilo bomba alisema madzi, alisema munyu, alisema chisima, na Mzungu amesimama pale na mkalimani wake. Nikamwambia, we Mwero, sema Kiswahili mgeni asikie. Akaniambia, mama, shuleni walinichapa kwa Kidigo changu, sasa mimi ndiye ninayeandika, nitaandika nitakavyo. Mwero aandike maji? Labda awe mgonjwa."

Nzisa alivuta daftari kutoka mikononi mwa Chengo, akalifungua nyuma, kurasa nyingi nyuma, akapitisha kidole. Kidole kilisimama tarehe 4 Septemba. Mstari ulikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Nimesahihisha Kiswahili katika programu, kabla ya ziara ya wafadhili.

Alikumbuka siku hiyo barabara. Alizaliwa Shimba Hills katika mashamba ya walowezi kutoka Ukambani, na Kiswahili alikipata darasani, kwa alama za juu, kutoka kwa mwalimu aliyekata maksi kwa kila herufi. Alikuwa amefungua programu ya Mwero ili kuipanga, akaona madzi, akaona munyu, akaona chisima, na kwake hayo yalikuwa makosa ya tahajia. Aliyarekebisha yote matatu, kila mahali, akafunga faili akiwa ameridhika. Hakuijenga programu upya, kwani ile ya zamani ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Na disketi ya maktaba hakuigusa, kwa kuwa ilikataza kuguswa. Kwa hiyo programu ilikuwa ikiita Kiswahili, na maktaba ilikuwa ikijua Kidigo.

Alifungua maandishi ya maktaba na kuiambia mashine itafute maji. Hakuna. Aliiambia itafute madzi. Lilitokea mara kumi na moja.

"Kosa ni langu," alisema.

"La Mwero," alisema Chengo. "Angeandika kama watu."

"Aliandika. Mimi ndiye niliyebadilisha." Alikuwa tayari anachapa. "Bonyeza."

"Mbili nukta tano tisa."

Aliyarudisha majina matatu kama Mwero alivyoyaandika, katika kila faili alilokuwa ameligusa, akayahesabu, akayasoma mara mbili. Saa saba na dakika ishirini na tano aliita linka.

Kioo hakikuandika chochote. Mstari mtupu, na alama ya mashine ikingoja.

"Imekwama?" aliuliza Chengo kwa sauti ya chini.

"Sijui." Nzisa aliorodhesha mafaili. Faili jipya lilikuwepo, lenye saa ya dakika hiyo hiyo. "Haikukwama. Ikikubali hainyanyui sauti."

Chengo alikuwa tayari amekitoa chombo mtungini, amekifuta, ameshika waya. "Haya, haya. Tuunge."

"Ngoja."

"Ningoje nini tena, dada? Yashuka!"

"Mwero aliandika vipimo vyote vikusanywe kwanza, ndipo viende kwenye diski kwa pamoja. Chombo kikizima katikati, tunapoteza hata tulivyokwisha kupokea."

"Kikizima katikati kwa sababu tumechelewa!"

"Vyote viwili vinawezekana. Hasara ndiyo naweza kuipunguza."

Chengo alimgeukia Bi Nimujuma kama anayeomba shahidi. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea. Nzisa aliongeza mstari mmoja, ili kila kipimo kiandikwe kwenye diski mara tu kinapofika. Kompaila ikakataa: alikuwa amesahau nukta-mkato. Aliitia. Kompaila ikapitisha, linka ikanyamaza. Ilimchukua dakika kumi na nne, pamoja na kulisoma upya badiliko lote kabla ya kuliamini. Kwenye kipande cha karatasi alipiga hesabu na kuzungushia duara namba moja: 10,027.

"Hii ni nini?" aliuliza Chengo.

"Kipimo cha saa kumi na mbili jioni, Ijumaa ile. Chombo huanza na vya zamani. Tukifika hapo, wiki yote tunayo. Tusipofika, hatuna."

Saa saba na dakika arobaini na moja aliunga waya, akabonyeza kitufe kwa mara ya mwisho. Volti 2.56. Aliendesha programu.

Namba zilianza kupanda pembeni mwa kioo, ishirini na nne hivi kila sekunde. Septemba ya mwaka jana ilipita kwa nusu dakika. Oktoba ile ya mvua kubwa. Novemba. Chengo alisimama nyuma ya kiti, mikono kichwani. Juu ya chombo, ambacho kioo chake huwaka waya ukiwa kazini, volti ilikuwa 2.55, na kabla ya kufika elfu tatu ikawa 2.54.

"Soma kwa sauti, mwanangu," alisema Bi Nimujuma. "Mimi sioni huko."

"Elfu nne," alisema Chengo. "Elfu tano. Mbili nukta tano tatu."

Kwenye elfu saba namba zilisimama. Sekunde mbili, tatu. Nzisa hakugusa chochote. Namba zikaendelea.

"Elfu nane. Mbili nukta tano mbili. Elfu tisa." Aliacha kutaja volti. "Elfu tisa na mia tano. Elfu tisa na mia nane. Mia tisa. Elfu kumi."

Hapo Nzisa aliinama mbele. Elfu kumi na kumi na mbili. Kumi na ishirini na moja. Kumi na thelathini: ile ya kwenye duara ilikuwa imepita.

Saa saba na dakika arobaini na nane kioo cha chombo kilizima, na namba zikasimama kwenye 10,038. Safari hii hazikuendelea. Nzisa alihesabu sekunde sitini kwa saa ya mkononi, kisha akafunga programu na kulifungua faili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa tarehe 24 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri. Alipanda juu mistari kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, akasoma kipimo cha chumvi: 3.9. Alirudi nyuma hadi asubuhi ya Jumatatu tarehe 19, kabla pampu haijawashwa: 1.1, chini ya theluthi moja.

Alilinakili faili kwenye disketi mbili mpya. Alizitoa, akazirudisha moja moja na kuzisoma upya hadi mwisho. Zote mbili zilifunguka. Saa nane na dakika sita Bi Nimujuma alipokea kwa mikono miwili mojawapo, ya kwenda kuchapwa kabla ya kikao, akaifunga katika pindo la leso yake ya juu, na kulipiga pindo fundo.